Mwanzo wa Neno na Mwisho Wake: Uhakiki wa Chombo Kilichoandikwa Upya cha Kutafutia Maandishi

Tangu mwezi wa Agosti 2021, lilipotolewa toleo la 7 la DSpace, vyuo vinavyohifadhi tasnifu na makala zake kwa programu hiyo vimekabiliwa na kazi ya kuhama. DSpace iliundwa na Massachusetts Institute of Technology pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa mwaka 2002, na katika Afrika ya Mashariki imetumiwa na vyuo kadha wa kadha, mathalan Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Uso wake wote, yaani kurasa azionazo msomaji, uliandikwa upya katika toleo hilo. Lakini badiliko linaloigusa lugha limejificha chini ya uso huo. Toleo la 6 lilitafuta maandishi kwa Solr ya 4. Toleo la 7 lilitaka Solr ya 8. Na Solr nayo imejengwa juu ya Lucene, mkusanyo wa programu za kutafutia ulioanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, ambao umeandikwa na kuandikwa tena na mikono mingi. Mafundi huuita mkusanyo wa namna hiyo "maktaba". Hapa, ili usichanganywe na maktaba yenye vitabu, utaitwa chombo.

Mengi yaliyosemwa juu ya chombo hiki ni habari za kasi, nafasi na urahisi wa kukitunza. Hayo ni mambo ya haki, lakini si ya mwanaisimu. Swali lake ni jingine: chombo hiki hudhani neno ni kitu gani? Maana hakuna kifaa cha kutafutia kisicho na nadharia ya neno ndani yake, hata kama aliyekiunda hakukusudia kuwa na nadharia yoyote. Ukweli ni kwamba Lucene mpya imeondoa kizuizi kimoja kikubwa kilichoielemea lugha yenye viambishi awali. Lakini imebaki na mazoea ya lugha zinazogeuza mwisho wa neno, na mazoea hayo huhamishwa pamoja na data kutoka toleo hadi toleo bila ya mtu kuyauliza.

Kwa kuyapima mambo haya yafaa zichukuliwe habari za mahali pamoja. Msata ni njia panda: hapo barabara itokayo Chalinze kwenda Segera hukutana na ile ya kilometa 64 itokayo Bagamoyo kupitia Makofia na Kiwangwa. Upande mmoja wa nchi hiyo ni pwani, wavuvi na minazi. Upande wa pili ni mashamba, na mananasi ya Kiwangwa hujulikana hata Dar es Salaam. Wakazi wa nchi hiyo na jirani zake ni Wakwere, Wazigua, Wadoe na Wazaramo. Mwalimu wa Msata mwenye simu ya mkononi aweza leo kufungua hazina ya chuo na kuuliza ni nini kilichoandikwa juu ya kwao. Atauliza kwa Kiswahili. Akijibiwa kwamba hakuna kitu, ataamini, kwa kuwa mashine haimwambii kwamba imelitafuta neno lake kwa sarufi ya Kiingereza.

Tuhuma hiyo ni nzito, na yataka ushahidi. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni za kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili maneno ya shina moja yakusanyike. Ni kazi ya kupendeza, fupi na yenye nidhamu, na mwaka 2001 yeye mwenyewe aliianzishia lugha maalum iitwayo Snowball ili kanuni za lugha nyingine ziandikwe kwa mtindo huo huo. DSpace ya kale iliyategemea makato ya Porter moja kwa moja. Na mpangilio wa Solr uliokuja nayo baadaye ulitaja Snowball ya Kiingereza kwa maandishi yote, lugha yoyote iwayo, isipokuwa msimamizi abadili mwenyewe. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna hasara. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Mengi yao hayana miisho anayoitafuta Porter, basi hupita salama.

Lakini si yote. Katika kanuni za Porter mwisho *-eli* hugeuzwa kuwa *-e*, kisha *-e* ya mwisho nayo huondolewa kwa masharti fulani. Tazama neno *ukweli*. Hukatwa likawa *ukwe*, kisha *ukw*. Na neno *ukwe*, yaani uhusiano wa mtu na wazazi wa mwenzi wake, nalo huishia kuwa *ukw*. Anayetafuta makala juu ya ukweli ataletewa makala juu ya ukwe, na kinyume chake, na chombo kitaapa kwamba hayo ni neno moja. Mtu aweza kucheka (na wapo watakaosema kwamba ukweni ndiko ukweli unakojulikana), lakini mfano wa pili hauchekeshi. Kanuni nyingine hufuta *-iti* ikiwa sehemu inayotangulia ni ndefu ya kutosha. Kwa hiyo *utafiti* huwa *utaf*, na *watafiti* huwa *wataf*. Ama *mtafiti*, kwa kuwa sehemu yake ya mbele ni fupi kwa silabi moja, hubaki *mtafiti*. Umoja na wingi wa neno moja, ambao katika maandishi walitofautiana kwa kiambishi cha mbele tu, sasa wametofautishwa mbele na nyuma. Na hilo ni neno linalopatikana karibu katika kila tasnifu ya Kiswahili iliyomo katika hazina hizo.

Mtu aweza kujibu kwamba hitilafu hizo ni chache, na kwamba neno linaloulizwa hukatwa vilevile kama lilivyokatwa lile lililohifadhiwa, hivyo *utafiti* hukutana na *utafiti*. Ni kweli. Ila kusudi la makato halikuwa kulikutanisha neno na nafsi yake. Kwa hilo hapahitajiki kanuni yoyote. Kusudi lilikuwa kuwakutanisha ndugu. Katika Kiswahili ndugu hawakutanishwi, na wageni hupewa nyumba moja.

Wasomi wa kamusi hawatashangaa, kwani mgogoro huu ni wao tangu zamani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 iliyaeleza majina yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe, hata msomaji akalazimika kuujua mzizi kabla ya kulipata neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyapa majina hayo vidahizo vyao, kila moja kwa herufi yake. Mpango wa kwanza ulimpendelea mwenye sarufi; wa pili ulimpendelea mwenye haraka. Kila mmoja ulipoteza kitu, lakini wote wawili ulijua unachokipoteza. Chombo cha mashine hupoteza vyote viwili bila ya kujua: hakikusanyi kwa mzizi wala hakiliheshimu umbo.

Yafuata sasa sehemu iliyoandikwa upya kwa ustadi mkubwa kuliko zote, nayo ni utafutaji wa maneno yanayokaribiana. Umbali kati ya maneno mawili hupimwa kwa hatua: kuongeza herufi moja, kuondoa moja, au kubadili moja kwa nyingine. Kipimo hicho kilitolewa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Kabla ya Lucene 4.0, iliyotoka Oktoba 2012, chombo kililitembelea kila neno lililomo katika faharasa na kulipima. Kazi hiyo ilikuwa nzito mno, na kwa sababu hiyo watumiaji walishauriwa kuzifunga herufi za mwanzo: yaani kukiambia chombo kwamba herufi moja au mbili za kwanza haziwezi kuwa na kosa, basi kisihangaike na maneno yanayoanza kwa herufi nyingine. Kwa Kiingereza shauri hilo lina busara yake, kwa kuwa watu hukosea zaidi katikati na mwisho wa neno. Kwa Kiswahili ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kumwambia mgeni apite. *Kisima* hakitaiona *visima*. *Mkulima* hatamwona *wakulima*. Herufi ya kwanza ndipo lugha hii inapofanyia kazi.

Toleo la 4.0 lilileta njia nyingine. Kwa kuufuata utafiti uliochapishwa na Klaus Schulz na Stoyan Mihov mwaka 2002, chombo hujenga kwanza otomata ya maneno yote yaliyo katika umbali uliotakiwa, kisha huipitisha juu ya faharasa iliyopangwa na kuruka sehemu zote zisizohusika. Michael McCandless, mmoja wa waandishi wake, alitangaza mwaka 2011 kwamba njia hiyo ni ya haraka mara 100 kuliko ile ya kale. Matokeo yake kwa Kiswahili ni makubwa kuliko yalivyotarajiwa na waandishi hao: haikuwa lazima tena kufunga herufi za mwanzo. Waliokuwa na Solr ya 4 walikuwa na neema hiyo tayari. Wanaotoka katika matoleo ya kale zaidi huikuta wanapohama. Ni jambo la kusikitisha basi kuona mipangilio ya zamani ikinakiliwa pamoja na kufuli lake, ilhali sababu ya kufuli imekwisha kuondoka.

Neema hiyo ilikuja na kikomo. Katika njia ya kale hatua zilihesabiwa kwa kuulinganisha umbali na urefu wa neno, na kwa kawaida nusu ilitosha. *Nimeandika* na *aliandika* zaachana kwa hatua nne, nazo katika hesabu ile zilikutana. Katika njia mpya hatua hazipiti mbili. Hivyo chombo cha kale, kizito na kisichojua kitu, kiliweza kwa bahati kuyaunganisha maumbo ya kitenzi ambayo chombo kipya hakiwezi. Tena Elasticsearch, programu nyingine iliyojengwa juu ya Lucene na kutolewa mwaka 2010, ina kanuni ya kujiamulia ambayo huruhusu hatua moja tu kwa neno la herufi tatu hadi tano, na mbili kwa neno lililozidi hapo.

Kwa maneno ya Msata kanuni hiyo yaonyesha mambo ya ajabu. Anayetafuta *nanasi* atapewa na *mananasi*, kwa sababu neno lina herufi sita na wingi wake ni hatua mbili. Anayetafuta *embe* hatapewa *maembe*, kwa kuwa neno lina herufi nne na hatua ni mbili zilezile; badala yake ataletewa *pembe*, *wembe* na *jembe*. Na akitafuta *jembe* atapata *pembe* na *wembe* tena, lakini *majembe* hatayaona. *Mvuvi* ataleta *uvuvi*, jambo jema, lakini si *wavuvi*. *Mto* utaleta *mito*, lakini *mtu* atakuja na *mti*, *mto* na *utu*, na *watu* wabaki nje. Sarufi ya ngeli imegeuzwa kuwa bahati nasibu inayoamuliwa na wingi wa herufi.

Hapa ndipo penye kosa la msingi, nalo si la hesabu. Utafutaji wa kukaribiana uliundwa kwa ajili ya makosa ya kuandika. *Wavuvi* si *mvuvi* aliyekosewa. Wasimamizi wengi, wakiona kwamba chombo hakina sarufi ya Kiswahili, huutumia uvumilivu wa makosa kama badala ya sarufi, na kwa kuwa mara nyingine hufaulu, hudhani kazi imekwisha. Lucene katika toleo la 9, lililotoka Desemba 2021, ilikuwa na vichanganuzi vya lugha nyingi, Kibangla, Kinepali na Kitamili miongoni mwao. Cha Kiswahili hakikuwamo. Uvumilivu wa makosa haulijazi pengo hilo, bali hulifunika tu.

Ipo hata hivyo kazi moja ambayo kukaribiana huifanya vizuri, na haki yake isinyimwe. Ni majina ya watu na mahali katika maandishi ya kale. Nyaraka za wakati wa Wajerumani huandika Bagamojo kwa Bagamoyo, Usaramo kwa Uzaramo, Usegua kwa Uzigua. Ya kwanza na ya pili ni hatua moja, ya tatu ni mbili, zote hupatikana. Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 huitwa *Desturi za Wasuaheli*; anayeuliza *Waswahili* atakifikia kwa hatua mbili kamili. Lakini Useguha, tahajia nyingine ya nchi ile ile ya Uzigua, iko hatua tatu, nayo hupotea. Na Daressalam, iliyoandikwa kama neno moja, haitakutana kamwe na Dar es Salaam, ambayo chombo huiona kuwa maneno matatu. Katika mambo hayo orodha ya majina yenye tahajia zake zote, itakayoandikwa na mtu mwenye kuijua historia, yapita otomata yoyote. Msata yenyewe ni ushahidi: kwa hatua moja huwa *msasa*, huwa *msala*, na huwa Mkata, ambayo ni mahali pengine katika barabara ile ile, mbele huko Handeni. Mwalimu atakayeletewa habari za Mkata hatatambua upesi kwamba amepotoshwa, maana zote mbili ni za barabara moja.

Badiliko lingine laweza kupita bila ya kuonekana. Tangu toleo la 6, mwaka 2016, Lucene huyapanga majibu kwa kipimo kiitwacho BM25 badala ya kile cha kwanza. Vyote viwili hutumia wazo la Karen Spärck Jones, la mwaka 1972, kwamba neno adimu lina uzito kuliko neno la kila mahali. Wazo ni sahihi pale neno na umbo lake vinapokaribiana. Katika Kiswahili *wamevuna*, *tulivuna*, *atavuna* na *wakivuna* huhesabiwa kuwa maneno manne, na kila moja huonekana adimu ijapokuwa kuvuna ni jambo la kawaida kabisa. Chombo basi huyapa maumbo ya kitenzi uzito usio wao, na makala yenye umbo la kitenzi lililotokea mara moja tu yaweza kupanda juu ya makala iliyoandikwa yote kwa ajili ya jambo linaloulizwa.

Dawa haikosekani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili kilichojengwa kwa nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi. Kichanganuzi hicho hulisoma *wavuvi* na kutoa ngeli yake na shina lake. Hulisoma *tulivuna* na kutenga nafsi, wakati na mzizi. Si jambo la kungojewa kutoka mbinguni. Hatari iko kwa fundi mwenye haraka atakayeona kwamba Kiswahili kina viambishi awali, akaandika jioni moja kanuni za kuvikata. *Maji* yatakuwa *ji*, *mama* atakuwa *ma*, na *mtu*, *kitu* na *utu* vyote vitalala katika *-tu*. Huyo atakuwa amemgeuza Porter kichwa chini, asimsahihishe.

Tena hata mkato ulio sahihi waweza kupoteza maana. *Mzigua*, *Wazigua*, *Kizigua* na *Uzigua* zina shina moja, na katika sarufi ni halali kukusanywa. Lakini anayeuliza *Kizigua* ataka lugha, na anayeuliza *Uzigua* ataka nchi. Kiambishi hapa si pambo la upatanisho. Ndicho kinachobeba jambo. Kwa hiyo faharasa ya Kiswahili yapasa ihifadhi neno mara mbili, umbo lake zima na shina lake, na katika kupanga majibu umbo zima litangulie. Johnson na Taasisi wakae katika ukurasa mmoja. Lucene yaweza kufanya hivyo bila ya taabu, hakuna aliyeiamuru.

Wakati wa kuiamuru ni wakati wa kuhama. Chombo cha toleo moja husoma faharasa ya toleo kuu lililotangulia tu. Kutoka Solr ya 4 hadi ya 8 hakuna njia ila kuijenga faharasa upya kutokana na maandishi asilia, na hapo huonekana nani aliyatunza maandishi na nani alitunza faharasa peke yake. Uchanganuzi wa neno hufanyika wakati huo huo wa kujenga. Ukiisha, kila neno limekwisha kukatwa, na kubadili shauri baadaye ni kuanza tena. Kujenga kwa kisu cha Kiingereza na kujenga bila ya kisu huchukua muda uleule. Hata chuo kisicho na mtaalamu wa mofolojia chaweza kuufuta mstari mmoja katika mpangilio wa Solr, ule unaoitaja Snowball ya Kiingereza, kwa sehemu zihifadhizo maandishi ya Kiswahili, na kufungua herufi ya kwanza iwapo ilifungwa. *Watafiti* hapo watarudi kuwa hatua mbili kutoka kwa *mtafiti*, na *ukwe* hautaitwa tena kila mtu anapoutafuta *ukweli*.